Kuonja Si Kula

Nimeolewa katika nyumba inayonukia vanila, na anayedhani hiyo ni bahati tupu hajawahi kuamka alfajiri kupiga mayai kando ya mama mkwe anayekusahihisha hata unavyoshika mwiko. Mama mkwe wangu ni mwoka keki. Anaoka keki za harusi, keki za siku ya kuzaliwa, na keki za watu waliokosana na wanatafuta namna ya kurudiana bila kusema samahani. Jiko lake liko nyuma ya nyumba, chumba kirefu chenye oveni mbili, meza ya bati na dirisha linalotazama kamba ya kuanikia nguo. Mtaa mzima unamwita Mama Keki. Mimi namwita Mama, na nikikasirika namwita Mama vilevile, ila kwa sauti nyingine.

Baba mkwe alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Mama anamwita Hakimu kwa utani, naye huitika kwa uso mkavu kana kwamba ndicho cheo alichostaafu nacho. Maisha yake yote ya kazi alikaa akiandika maneno ya watu walioapa kusema kweli, wakasema uongo papo hapo. Kazi ile ilimwachia tabia moja: ukizungumza naye hatazami macho yako, anatazama shingo. Anasema uongo hupita shingoni kabla ya kufika mdomoni. Siku nilipoletwa kutambulishwa nilivaa mtandio mpaka kidevuni, maana nilikuwa nimeonywa.

Mwaka jana Mama alianza kulalamika kwamba maua yake ya krimu yanapinda. Maua hayakuwa yamepinda, alikuwa anayaona kwa ukungu. Akaenda kutafuta miwani, akarudi na kisukari. Daktari, mtu mpole mwenye haraka ya kudumu, alimweleza kwamba sukari ikikaa juu kwenye damu kwa muda mrefu inaharibu mishipa midogo, ile ya machoni, ya figo na ya miguuni. Akamwambia wazi kwamba macho yakiharibika zaidi hayarudi yalivyokuwa. Mama alisikiliza huku ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Tulipofika mlangoni akaniuliza kama nimetoa siagi kwenye friji.

Baba ndiye aliyelivalia njuga. Alijifunza maneno ya hospitali kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Alisoma maandishi madogo kwenye kila pakiti iliyoingia nyumbani, akagundua kwamba sukari ina majina mengi, glukosi, sukrosi, fruktosi, na akasema inafanana na matapeli waliokuwa wakiletwa kizimbani, kila mtaa jina jipya. Siku moja akatangaza mezani kwamba adui si sukari peke yake, kuna na wanga.

"Wanga upo kwenye mkate, kwenye wali, kwenye viazi," alisema. "Ukishaingia mwilini unavunjwavunjwa, unageuka sukari."

"Miaka yote nimeshinda jikoni na wanga," Mama akajibu, "na sijalogwa mpaka leo."

Alitania, lakini alitii. Sahani yake ilikuwa nusu mboga, robo wanga, robo nyama au maharage, kama alivyoelekezwa. Chai alikunywa bila sukari, uso ameukunja kama aliyelamba shubiri. Vidonge alimeza kwa wakati. Na keki hakugusa hata kipande, jambo ambalo halikumsumbua, kwa sababu waoka keki hawali keki. Ukishinda nazo mchana kutwa, jioni unatamani kitu chenye chumvi.

Kisha daktari akamtuma apimwe kipimo kingine. Alitueleza sote watatu, tumebanana kwenye viti viwili. Kipimo cha kidoleni, alisema, kinaonyesha sukari iliyopo damuni sasa hivi. Hiki cha kutolewa damu mkononi kinaonyesha wastani wa miezi mitatu iliyopita, kwa sababu sukari hujishikiza kwenye chembe nyekundu za damu na kubaki nazo kwa muda wote zinapoishi. Mtu hawezi kujizuia siku mbili kabla ya kliniki akakidanganya.

"Shahidi asiyehongeka," Baba akasema, na nikaona ameshakipenda.

Shahidi akatoa ushahidi. Sukari ya Mama ilikuwa imekaa juu miezi yote mitatu.

"Mama, kuna kitu kinaingia," daktari alisema kwa upole.

"Sijala kitu," Mama akasema. "Nakula mnavyonipangia."

Nyumbani, Baba alizunguka siku nzima akifungua makabati. Alitazama chini ya kitanda. Alitazama hadi kwenye mkoba wa Mama wa kwenda misibani, akakuta kitambaa na pipi ya koo. Jioni akaja jikoni, akasimama mlangoni, na kwa ile sauti yake ya kusoma hukumu za watu wengine akasema kwamba kipimo kijacho kisiposhuka, jiko hili litafungwa na oveni zitauzwa.

"Sitakushika mkono kukupeleka chooni, kipofu, kwa sababu ya keki za watu," alisema.

Mama aliendelea kupaka siagi kwenye trei. Jiko lile alilianza na sufuria moja na makaa, kabla mume wangu hajazaliwa. Ndilo lililowasomesha watoto wake, na sasa watoto wameshakua, ndilo linalomfanya aamke na hamu ya kuamka. Kumfungia jiko ni kumwambia akae sebuleni asubiri kuwa mgonjwa. Sote watatu tulilijua hilo.

"Umenitazama shingo?" akamuuliza.

"Nimekutazama."

"Imekwambia nini?"

"Imeniambia husemi uongo. Na kipimo nacho hakisemi uongo. Ndiyo maana silali."

Ikawa hivyo. Mashahidi wawili wa kweli, kila mmoja akimkanusha mwenzake, na mwanamume anayewapenda wote wawili. Baba alipungua. Mama alikuwa akimwekea chakula, naye anakichokonoa tu huku akimtazama mkewe anavyotafuna. Nilikuwa nikikereka. Nikajiambia nyumba hii itavunjwa na upendo, maana hakuna aliyekuwa na kosa ambalo ningeweza kumgombeza.

Siku ya kliniki iliyofuata Mama aliambiwa aende na njaa. Maana yake ni kwamba tangu chakula cha jioni kisipite kitu mdomoni isipokuwa maji, ili wajue mwili wenyewe unashikilia sukari kiasi gani kabla ya kulishwa. Lakini kulikuwa na keki ya harusi ya kutolewa asubuhi ileile, na bibi harusi hajui habari za kliniki. Tuliamka alfajiri, mimi na Mama, tukafanya kazi bega kwa bega mpaka boksi likafungwa. Nilikuwa naye muda wote. Ningeweza kuapa mbele ya mahakama yoyote kwamba hakula.

Kliniki tulikwenda sote watatu, na Baba. Nesi akamtoboa Mama kidole. Akaitazama mashine, akamtazama Mama.

"Mama, umekuja na njaa kweli?"

"Maji tu, mwanangu. Tangu jana jioni."

Nesi hakubishana. Akatuelekeza kwa mtaalamu wa lishe, ambaye siku hiyo alikuwa uani, chini ya kibanda cha mabati, akiwafundisha akina mama wenye watoto wachanga kupika uji. Alikuwa msichana mwembamba mwenye aproni iliyomzidi. Alituomba tukae kwenye benchi, amalizie, halafu atuhudumie. Tukakaa. Baba akatazama ukuta. Mama akatazama sufuria.

Nilijua litakalotokea kabla halijatokea. Yule binti alikuwa amemimina unga mkavu moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, na uji ukaanza kupata mabonge. Nikaona goti la Mama linachezacheza. Akajizuia, akajizuia tena, kisha akanyanyuka.

"Mwanangu, niwie radhi. Unga unaukoroga kwanza na maji baridi. Hebu lete."

Akauchukua mwiko bila kusubiri jibu. Alikoroga kwa mkono mzima, akiyaponda mabonge ukingoni mwa sufuria, huku akina mama wakimshangilia. Uji ukalainika, ukang'aa. Ndipo akafanya kile anachofanya siku zote: akadondosha tone kubwa la uji nyuma ya kiganja, akalipuliza, akalilamba.

"Sukari mmezidisha," akasema. "Na chumvi hamkutia kabisa." Akatia chembe ya chumvi, akakoroga, akadondosha tena, akalamba. "Haya. Sasa."

Yule binti alikuwa ameshika karatasi ya nesi. Akaisoma, akamtazama Mama.

"Mama, si wewe uliyeletwa kwa ajili ya sukari? Mbona unakula?"

"Nani anakula?" Mama akauliza. Alikuwa anashangaa kwa dhati.

Akina mama wakacheka. Baba alikuwa ameshasimama. Mama akanigeukia mimi, shahidi wake. "Mwambie. Tangu asubuhi nimekula?"

Na mimi, mwenye akili zangu timamu, niliyeona ulimi wake ukipita kwenye kiganja sasa hivi, nikafungua mdomo nikasema, "Hajala."

Nilimaanisha. Ndilo linalonishangaza mpaka leo. Pale jikoni kwetu kula ni kukaa, ni sahani, ni kunawa mikono kwanza. Kuonja ni kazi. Hakuna anayehesabu kuonja, kama ambavyo seremala hahesabu vumbi la mbao analolivuta.

Yule binti hakucheka. Alimvuta Mama kando, akamkalisha, akamuuliza taratibu, "Asubuhi hii umeonja nini?"

Mama akataja. Alitaja rojo la keki kabla ya kutia unga, na baada ya kutia. Kisha shira ya kulowanishia, maana shira ikiwa nyepesi keki inakauka. Kisha jamu, maana ilikuwa ya chupa mpya. Krimu alionja ilipoanza kupanda, na ilipokwisha kupanda, na baada ya kutiwa rangi, kwa kuwa rangi nyekundu huacha uchungu. Na makombo ya keki yenyewe iliposawazishwa juu, ili kujua imeiva hadi ndani.

"Lakini huko ni kuonja," alisema.

"Sawa, mama. Na ukishaonja, kinakwenda wapi?"

Mama akageuza mkono, akatazama nyuma ya kiganja chake.

Yule binti akamwambia kesho afanye kazi kama kawaida, ila aweke bakuli tupu mezani. Kila anapotaka kuonja, kiasi kilekile ambacho kingeingia mdomoni akitie kwenye bakuli. Jioni alitazame. Hakumpa onyo, hakumsomea hotuba. Nilimpenda kwa hilo, ingawa uji wake ulikuwa na mabonge.

Kesho yake Baba aliingia na kigoda chake jikoni. Mkono wa Mama ulikuwa ukipanda kwenda mdomoni wenyewe, na kila ulipopanda Baba alikohoa, na kila alipokohoa Mama aliyazungusha macho akaelekea kwenye bakuli. Asubuhi tulikuwa tukicheka. Kufikia mchana tulikuwa tumeacha kucheka. Jioni lile bakuli lilikuwa limejaa: rojo, shira, jamu, krimu nyeupe na nyekundu, vyote vimeingiliana kuwa kitu kizito cha rangi ya waridi. Ungempa mtoto, angeugua.

Mama akalitazama kwa muda mrefu.

"Haba na haba hujaza kibaba," akasema. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kumbe nimekuwa nikila." Machozi yakamtoka, asiyafute. "Baba watoto, nimekudanganya miezi yote hii."

"Hujanidanganya," Baba akasema. "Uongo unasemwa na anayejua. Wewe ulikuwa hujui, na mimi nilikuwa na mke mkweli nikamchungulia mkoba. Nisamehe."

Akachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akamshika mkono, akamfuta nyuma ya kiganja polepole, pale kwenye ngozi iliyolainika kwa miaka ya kulambwa. Nilitoka nje kwenda kuanua nguo. Hakukuwa na nguo kambani, lakini kuna mambo mkwe hatakiwi kuyaona.

Niliporudi, Mama alikuwa ameshavua aproni.

"Uza oveni," alimwambia. "Ulikuwa na haki. Mwoka asiyeonja atapeleka nini harusini, bahati nasibu?"

Nikataja kile alichonishauri mtaalamu wa lishe tulipokuwa tukiondoka, kwamba anaweza kuonja akatema na kusukutua. Mama alinitazama kana kwamba nimependekeza tuoke soksi. Chakula hakitemwi mbele ya oveni, alisema, na hilo likaishia hapo.

"Nitaonja mimi," Baba akasema.

Tulicheka, mimi na Mama, yeye na machozi yake mashavuni. Maana Baba, katika ndoa yake yote, alikuwa na neno moja tu kuhusu chakula. Ukimpa wali ulioungua, kitamu. Ukisahau chumvi, kitamu. Wiki niliyoolewa niliunguza maharage mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni, naye akayamaliza akasema kitamu.

Lakini alikuwa hataki mzaha. Mama akavaa tena aproni, na masomo yakaanza.

"Tamu vipi?" alimuuliza, akimpa kijiko cha rojo. "Utamu unakaa wapi mdomoni? Mbele au nyuma? Unaondoka haraka au unang'ang'ania?"

"Mke wangu, hii ni keki au kesi ya kiwanja?"

"Jibu swali."

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa taabu. Mama aliuliza, Baba alibabaika, mimi nikaambiwa nisimsaidie. Lakini mtu aliyezoea kusikiliza ushahidi ana subira yake. Akaanza kufumba macho. Akaanza kuonja kidogo, anasukutua na kutema kwenye sinki bila haya, maana yeye, alisema, hakulelewa jikoni. Asubuhi moja alionja rojo nililolichanganya mimi, akasema, "Sukari imetangulia. Limau limekuja limechelewa. Na mwishoni kuna kitu kama sabuni."

Mama aliruka. Nilikuwa nimezidisha unga wa kuumulia keki. Baba alikuwa sahihi, na nilimchukia mpaka saa ya chai.

Kisha ikaja keki ya harusi ya ghorofa tatu, ya kwanza ambayo ulimi wa Mama haukuigusa hata mara moja. Alisimama mbele yake, mikono ameifumbata nyuma kama mtoto aliyekatazwa kugusa vyombo. Baba alionja vipande vitatu vilivyokatwa pembeni, akachukua muda wake.

"Iko sawa," akasema.

"Una hakika?"

"Iko sawa, mke wangu."

Mama akamsogelea, akamtazama shingo. Alimtazama kwa makini kuliko alivyowahi kutazama kitu tangu macho yake yaanze ukungu. Kisha akanigeukia. "Funga boksi." Nikafunga.

Miezi mitatu ilipotimia tulirudi kwa daktari. Kipimo kilikuwa kimeshuka, si kwa kidogo. Daktari alisema bado kuna safari, vidonge vinaendelea na miwani inabaki, lakini sasa macho yana nafasi ya kubaki yalivyo. Kuhusu jiko, haoni kwa nini lifungwe. Baba akamwomba arudie, daktari akarudia. Mtaalamu wa lishe naye akampa Mama ruhusa moja: kijiko kimoja kidogo kwa siku, cha chochote anachotaka, mradi akihesabu.

"Nakihesabu kama chakula," Mama akasema kabla hajaambiwa.

"Kama chakula, mama."

Nilidhani atakitumia kijiko chake kwenye keki ya siku iliyofuata, iliyokuwa ya mteja msumbufu. Lakini kulipokucha tulimkuta Baba jikoni ametutangulia. Alikuwa na unga kwenye nyusi. Mezani kulikuwa na keki ndogo, imezama katikati, upande mmoja umeungua. Alikuwa ameioka peke yake, bila kumuuliza mtu, na sasa alikuwa amesimama wima kando yake kama mshtakiwa.

"Nimekuokea," akasema. "Hakuna aliyewahi kukuokea wewe."

Mama alivuta kiti, akanawa mikono, akakaa. Akamwomba sahani. Akachota kijiko kimoja kidogo, akafumba macho, akatafuna kwa utaratibu mpaka kikaisha.

"Sukari umeiogopa," akasema. "Mayai hukuyapiga. Katikati ni mbichi."

"Kwa hiyo ni mbaya."

"Mbaya sana." Alikuwa analia tena, na anacheka. Akageuza kijiko, akakilamba upande wa pili hadi kikang'aa, akakilaza kwenye sahani. "Asante, mume wangu. Leo nimekula."